Mtoto Asiyesema, Mpe Penseli



Mara nyingi katika ukurasa huu tunaongea juu ya magonjwa yanayoonekana kwa darubini: malaria, minyoo, kichocho, kifua kikuu. Mwezi huu tunapenda kuongea juu ya maumivu ambayo darubini haiyaoni, na juu ya msaada mmoja ambao kila nyumba inaweza kuutoa hata kama hakuna fedha ndani.

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka saba katika wodi yetu ya watoto. (Tumebadili mambo machache ili wasitambulikane.) Kwa muda wa miezi mitatu mtoto alikuwa akilalamika tumbo. Alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu akiwa na miaka mitatu. Shuleni alikuwa anakaa tu, na mwalimu alidhani hasikii vizuri. Tulimpima damu, mkojo na choo. Hakuna malaria, hakuna kichocho, hakuna minyoo. Daktari alimbonyeza tumbo, akaliona laini. Bibi alikuwa amekwisha kumpa dawa ya minyoo mara mbili, na mizizi ya kuchemsha mara ambazo hakutaka kutuhesabia.

Katika wodi yetu kuna meza fupi karibu na dirisha. Juu yake tunaweka karatasi za ofisini zilizoandikwa upande mmoja, na kopo la penseli za rangi, nyingi zikiwa vipande tu. Mtoto yule alikwenda pale mwenyewe akachora basi. Lilikuwa basi kubwa lenye magurudumu manne na madirisha mengi, na ndani hamkuwa na mtu. Kesho yake akachora basi. Siku ya tatu, basi tena.

Hapo sisi wenyewe tulikosea. Tulimsifu kwa sauti kubwa, "Basi zuri kweli, wewe utakuwa dereva!" Tukalibandika ukutani bila kumwuliza. Mtoto hakujibu neno, na siku ile hakurudi mezani.

Siku ya nne mwenzetu mmoja alikaa kwenye kiti kidogo karibu naye, akiwa anakunja pamba na bandeji kama kawaida ya mchana. Baada ya muda akamwambia, "Nieleze habari za basi hili."

Mtoto akasema, "Ni basi la mama. Lilikwenda Mwanza. Halijarudi."

Tulimwita bibi pembeni. Mama wa mtoto alipelekwa Mwanza kutibiwa, akafia huko, akazikwa nyumbani kwa baba yake, katika kijiji kingine. Siku ya maziko mtoto aliachwa kwa jirani. Aliambiwa kwamba mama amesafiri na kwamba atarudi. Kijiji kizima kilijua isipokuwa yeye. Na yeye pia, kwa namna yake, alikwisha kujua kwamba kuna jambo, maana watu walikuwa wakinyamaza kila alipoingia ndani.

Habari za mtoto huyu tutazimalizia mbele. Kwanza tueleze kwa nini basi lile lilisema kitu ambacho mdomo wa mtoto haukukisema kwa miezi mitatu.

KWA NINI MTOTO HASEMI

Mtu mzima akiwa na majonzi anayo maneno: nina huzuni, nina hasira, naona haya, moyo wangu umevunjika. Mtoto wa miaka mitano au saba anayajua maneno mawili matatu tu ya namna hiyo, kwa hiyo anatumia mwili wake. Tumbo linamwuma, kichwa kinamwuma, hali chakula, anakojoa kitandani, anapigana na wenzake, anashtuka usiku. Wazazi wengi hudhani mtoto wa namna hiyo anadanganya au amepata jeuri. Hadanganyi. Tumbo lake linamwuma kweli, maana hofu na huzuni hukaza misuli na kuchafua mwendo wa matumbo, kama vile mtu mzima anavyoendesha siku ya kesi.

Lipo na jambo la malezi yetu. Tumewafundisha watoto wasimtazame mkubwa usoni anapoongea nao, wala wasiingilie maneno ya wakubwa. Ni adabu njema, na hatusemi iachwe. Lakini siku ile mkubwa anapomshika mtoto mabegani na kumwambia, "Hebu niangalie, una nini wewe?" mtoto anabanwa pande mbili. Akisema anakosa adabu, akinyamaza anaonekana mkaidi. Karatasi inamwokoa. Macho yake yako chini kwenye picha, mikono yake ina kazi, na maneno yanatoka kidogo kidogo kama anayeongea na penseli. Wazazi wanaopalilia au kuchambua mboga pamoja na watoto wao wanajua jambo hili tangu zamani. Mambo makubwa mtoto huyasema mkiwa mnachambua maharage.

Tena picha ni yake. Akitaka anaifuta, anaichana, anaikunja na kuiweka mfukoni. Mtoto aliyefiwa, aliyeungua moto au aliyelazwa hospitalini amefanyiwa mambo mengi bila kuulizwa. Pale mezani ndiye anayeamua.

WALIOTUTANGULIA

Msaada huu una jina lake, yaani tiba kwa njia ya sanaa, na chanzo chake kimoja ni kitanda cha mgonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Midhurst, kusini mwa Uingereza. Wakati ule dawa za kuponya kifua kikuu zilikuwa hazijapatikana. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Mgonjwa alilala miezi mingi, akila vizuri na kuvuta hewa safi. Hill alianza kuchora vitu vidogo vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona moyo wake unatulia. Baadaye akawafundisha wagonjwa wenzake, wakiwamo askari waliorudi vitani, na wengine wakachora mambo waliyoyaona ambayo hawakuweza kuyasimulia. Ndiye aliyelitumia jina la tiba ya sanaa mwaka 1942, na mwaka 1945 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo.

Mwaka huo huo wa 1942, mwezi wa Desemba, mama mmoja mchoraji aliyezaliwa Vienna, Friedl Dicker-Brandeis, alipelekwa Terezín, mji wa Chekoslovakia ambao utawala wa Hitler uliugeuza kuwa mahali pa kuwafungia Wayahudi. Kila mtu aliruhusiwa mzigo mdogo tu. Yeye aliweka ndani ya mzigo wake vifaa vya kuchorea, kwa ajili ya watoto. Huko waliishi kwa njaa, chawa na homa ya matumbo, na kila mara watu walichukuliwa kwa treni bila kurudi. Mama huyu aliwakusanya watoto akawafundisha kuchora, wakitumia karatasi yoyote iliyopatikana, hata fomu za ofisini. Hakuwalazimisha wachore mateso. Wengine walichora maua, vipepeo, nyumba walizotoka na meza zenye chakula. Alisisitiza kila mtoto aandike jina lake kwenye picha yake, ingawa mahali pale watu walihesabiwa kwa namba. Mwezi wa Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa wanafunzi wake waliuawa pia. Kabla ya kuondoka aliacha masanduku mawili yenye picha zaidi ya 4,000. Zimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Wayahudi mjini Prague, na kwa watoto wengi wa wale ndiyo alama pekee iliyobaki ya kwamba waliishi.

Mwanafunzi wake mmoja, Edith Kramer, alikuwa amekimbilia Marekani mwaka 1938. Huko alifanya kazi miaka mingi na watoto wenye matatizo mjini New York, akaandika vitabu, na akawa mmoja wa waanzilishi wa tiba hii kwa watoto. Kwa hiyo wauguzi na walimu wanaoweka karatasi mbele ya mtoto mwenye majonzi, wajue wasijue, wanafuata nyayo za mwalimu yule wa Terezín.

Hapa kwetu, janga la UKIMWI lilipoacha mayatima wengi mkoani Kagera, mradi ulioitwa Humuliza ulianzishwa mwaka 1997 huko Nshamba, wilayani Muleba. Jina hilo kwa Kihaya lina maana ya kufariji. Wakati ule misaada mingi ilihesabiwa kwa sare, madaftari na mahindi. Mradi huu ulikumbusha kwamba yatima anahitaji pia mtu wa kumsikiliza, ukawafundisha walimu namna ya kuongea na watoto waliofiwa. Nchini Uganda, akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI walianza miaka hiyo ya 1990 kutengeneza vitabu vya kumbukumbu pamoja na watoto wao: ukoo wetu ni huu, siku uliyozaliwa ilikuwa hivi, mimi nilipenda chakula hiki.

Miaka ya 2000 Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia kutoka Zimbabwe, akishirikiana na David Denborough wa Australia, alitunga njia iitwayo Mti wa Maisha. Mtoto huchora mti. Kwenye mizizi anaeleza ametoka wapi, ukoo wake, nyimbo za kwao. Ardhi ni mahali anapoishi sasa na mambo anayoyafanya kila siku. Shina ni yale anayoyaweza. Matawi ni matumaini yake. Majani ni watu anaowapenda, walio hai na waliokufa, na matunda ni mema aliyoyapokea kutoka kwa watu. Baada ya hapo watoto huweka miti yao pamoja ikawa msitu, ndipo huongea juu ya dhoruba zinazoipiga miti na jinsi ya kuzikabili. Tunaipenda njia hii kwa sababu haianzi na kidonda. Mtoto anasimama kwanza mahali pagumu, ndipo anaitazama shida yake. Walezi wa Utoto Mtakatifu katika parokia zetu wangeweza kuitumia baada ya kufundishwa kidogo, hasa mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu.

NAMNA YA KUFANYA NYUMBANI

Huhitaji kununua kitu. Mkaa na kipande cha boksi vinatosha. Kijiti na uwanja uliofagiwa vinatosha pia, tena watoto wadogo hupenda zaidi mchanga kwa sababu unafutika. Udongo wa mfinyanzi ni mzuri sana kwa mtoto mwenye hasira, maana anaweza kuupiga na kuuponda bila kumwumiza mtu. Ukiweza kupata penseli za rangi, zote ziwe zake kwa muda ule, asigombanie na ndugu zake.

Tafuta saa ya utulivu, nusu saa tu, isiwe ya kwenda kisimani wala ya kupika. Kaa naye chini. Wewe pia shika kazi ya mikono yako, usimkodolee macho. Usimwambie achore nini siku ya kwanza. Siku nyingine unaweza kumwambia, "Chora nyumbani kwetu," au "Chora siku uliyofurahi, kisha siku uliyoogopa." Asipotaka, asichore.

Akimaliza, mwambie, "Nieleze." Neno hilo moja lina nguvu kuliko maswali kumi. Usiulize, "Hii ni nini?" kwa maana ni kama kumwambia hajui kuchora. Usiseme, "Mbona mtu huyu hana mikono?" Usichukue penseli ukamsahihishia. Baba mmoja wodini kwetu alimnyang'anya mwanawe karatasi ili amwonyeshe ng'ombe anavyochorwa. Ng'ombe alitoka vizuri sana, na mtoto akamwachia baba karatasi yote.

Akieleza, rudia maneno yake mwenyewe kwa upole. "Kumbe basi halijarudi." Halafu nyamaza. Kunyamaza huku kunatushinda sisi watu wazima, hasa sisi wauguzi tuliozoea kutoa maagizo. Mtoto akilia, mwache alie, umkumbatie. Chozi lililotoka mbele ya mtu anayempenda halimdhuru. Akikataa kueleza, mshukuru kwa kukuonyesha, basi.

Picha usiionyeshe kwa wageni wala usiitangaze kwenye jumuiya. Usiibandike ukutani pasipo ruhusa yake. Siku hizi wako wanaopiga picha kwa simu na kuzituma huku na huku. Huko ni kumvua mtoto nguo mbele ya watu.

Hospitalini tunaitumia njia hii pia kwa maumivu ya mwili. Muuguzi wa Marekani, Joann Eland, ndiye aliyetunga namna ya kumpa mtoto mchoro wa mwili wa mtu pamoja na rangi. Mtoto mwenyewe anachagua rangi ya maumivu makali sana, rangi ya maumivu ya kati, ya kidogo, na ya mahali pasipouma, kisha anapaka kwenye mchoro. Mtoto aliyeungua uji wa moto kifuani aliwahi kutupakia rangi yake ya maumivu makali mguuni. Tulifunua, tukakuta mahali sindano ya dripu ilipokaa pamevimba na kuwa pekundu. Sisi tulikuwa tunashughulikia kifua tu.

PICHA SI EKSIREI

Hapa tunaomba msikilize kwa makini, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Picha haimpigi mtoto eksirei ya moyo. Wako wanaosema rangi nyeusi ni huzuni, nyekundu ni hasira, mtu asiye na mikono ni mtoto anayepigwa. Katika kopo letu penseli nyeusi ndiyo ndefu kuliko zote, na watoto wote wanaitumia. Ni penseli tu.

Mwaka 1926 Florence Goodenough wa Marekani alitoa kipimo cha kupima akili ya mtoto kwa picha ya mtu aliyoichora. Baadaye wengine walijaribu kutumia picha za namna hiyo kusoma hofu na siri za mtoto. Wachunguzi waliofuata walipolinganisha picha na hali halisi ya watoto, waliona kwamba usomaji wa namna hiyo haustahili kutegemewa. Anayejua maana ya picha ni yule aliyeichora. Basi lile lingeweza kuwa basi tu. Tungekaa kikao cha wauguzi na kuamua kwamba mtoto anataka kusafiri, au kwamba alipata ajali, tungekosea yote mawili.

Tena umri una mambo yake. Mtoto wa miaka miwili anakoroga mistari tu, na ni sawa. Karibu na miaka mitatu anaanza kufunga duara. Kati ya miaka mitatu na minne huchora kichwa kikubwa chenye miguu inayotoka kwenye kidevu, bila tumbo wala kifua. Mama mmoja alituletea picha kama hiyo akiwa na wasiwasi mkubwa. Watoto wa umri huo katika nchi nyingi huchora hivyo. Kwenye miaka mitano au sita kiwiliwili kinaanza kuonekana, na nguo, na vidole vingi kuliko vitano.

Na jambo la tatu, ambalo tunalisema kwa uchungu. Wako watu wazima wanaoona mtoto amechora nyoka au mtu mwenye meno makubwa, wakaanza kunong'ona juu ya majini na uchawi. Mtoto anachora linalomwogopesha ili aliweke nje yake, kwenye karatasi. Ukimwadhibu au kumzungusha kwa waganga, umemfundisha kwamba hofu yake ni hatia, na hatakuonyesha picha nyingine.

WAKATI PENSELI HAITOSHI

Tumbo la mtoto lisiitwe huzuni kabla ya kupimwa. Homa, kutapika, kuharisha, kukonda, choo chenye damu, kukojoa kwa maumivu, kukojoa mara nyingi pamoja na kiu kubwa, hayo yote ni ya hospitali kwanza. Yule mtoto wa basi alipimwa kila kitu kabla hatujaongea juu ya majonzi.

Mlete mtoto pia ikiwa kwa majuma kadhaa hali, halali wala hachezi, ikiwa anasema anataka kufa au kumfuata marehemu, ikiwa anajiumiza. Maneno hayo yasichukuliwe kama utani, hata kwa mtoto mdogo.

Na ikitokea kwamba mtoto, akieleza picha yake, anataja mtu anayemwumiza au anayemgusa vibaya, mwamini na kumwambia hana kosa. Usimhoji tena na tena, wala usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Usikae na mtuhumiwa mkamaliza kifamilia kwa mbuzi. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga namba 116, ambayo hailipiwi. Kama amenajisiwa, asioshwe, nguo zake zisifuliwe, na afikishwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa baada ya hapo dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haitegemewi tena. Lakini hata zikipita, mleteni.

KUMWAMBIA MTOTO JUU YA KIFO

Turudi kwa bibi. Tulipomshauri amwambie mjukuu ukweli, alikasirika. Alisema, "Ninyi mmesoma, lakini hamjazaa huyu. Nikimwambia, nitamwua kwa mdomo wangu." Hatukumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika bintiye na alikuwa hajapata siku ya kumlilia, kwa sababu kila jioni alikuwa na mtoto wa kudanganya.

Tulimweleza tunayoyaona wodini. Mtoto mdogo, mpaka karibu na miaka sita au saba, anaweza kudhani kwamba mtu aliyekufa atarudi. Mwingine hudhani yeye ndiye aliyesababisha, kwa kuwa siku ile alikataa kutumwa. Akiambiwa mama amesafiri, anangoja, na kila siku asiporudi anajiona ameachwa kwa makusudi. Akiambiwa mama amelala, anaogopa kulala. Tena, na mapadre wetu watusamehe tukikosea, mtoto akiambiwa tu kwamba Mungu amemchukua mama kwa sababu anampenda, tumesikia mmoja akiuliza kama Mungu anampenda na bibi pia. Yafaa aambiwe kwanza neno lenyewe: mama alikuwa mgonjwa sana, dawa hazikumshinda ugonjwa, amekufa, mwili wake hauumwi tena, hukumwua wewe. Tumaini letu la ufufuko likisemwa baada ya ukweli huo, mtoto analipokea vizuri.

Bibi alikaa siku mbili bila kuongea nasi. Siku ya tatu mchana tulimwona amekaa kwenye kile kiti kidogo. Alikuwa amesema mara nyingi kwamba hajawahi kushika penseli maishani mwake, na kweli hakuishika. Alikwenda jikoni kwa wasaidizi wa wagonjwa akaleta kipande cha mkaa. Juu ya boksi la dawa alichora nyumba, migomba mitatu, kuku. Mjukuu akasogea.

"Bibi, hapo ni wapi?"

"Kwa babu yako, mzaa mama."

"Na mama yuko wapi?"

Bibi alichora msalaba mdogo chini ya mgomba wa mwisho. Akasema, "Yuko hapa, mume wangu. Mama alikufa kule Mwanza. Tulimleta tukamzika hapa. Nilikudanganya."

Mtoto alilia mpaka usiku, na bibi akalia naye. Akina mama wengine wodini walitutazama kwa macho makali, na mmoja alisema wazi kwamba tumefanya ukatili. Usiku ule alikojoa kitandani kama kawaida. Asubuhi tumbo lilimwuma kama kawaida. Kesho yake aliomba uji mara mbili.

Waliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku nne, wakiwa na karatasi mkononi na tarehe ya kliniki. Mwezi wa Novemba walipanda basi wakaenda kaburini, wakapanda maua, na katekista wa kigango kile aliwaongoza sala. Walipokuja kliniki mwezi wa Desemba, tumbo lilikuwa bado linamwuma asubuhi za Jumatatu, na kitanda kilikuwa kinalowa kama mara moja kwa juma. Mwalimu alikuwa ameandika barua kwamba mtoto anasikia vizuri. Alikuwa na picha nyingine ya basi. Katika dirisha la mbele walikuwamo watu wawili, mkubwa na mdogo, na mkubwa alikuwa na kitambaa kichwani.

Tulimwambia, "Tueleze."

Akasema anataka kwanza karatasi nyingine, maana hii haikutosha kuchora njia.